Mikopo Saba ya Laki Tatu: Kisa cha Maombi ya Alhamisi, Moshi

Waliolishtukia jambo hili kwanza ni watu wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha. Katika kikao cha Jumamosi moja huko Pasua, Moshi, wanawake wanne waliomba mkopo wa shilingi laki tatu kila mmoja. Kikao kilichofuata wakaomba watatu wengine, kiasi kilekile. Kwenye daftari sababu zilikuwa za kawaida: ada ya mtoto, mtaji wa mitumba, bati za kumalizia chumba, matibabu ya mzazi. Mweka hazina, mama mtu mzima anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, hakuzitilia shaka sababu. Alichokitilia shaka ni wadhamini. Wote saba walikuwa wamedhaminiana wao kwa wao.

"Bati ina bei yake, ada ina bei yake," aliniambia baadaye. "Shida saba haziwezi kuwa na bei moja."

Akamvuta pembeni aliye mdogo kuliko wote, wakati wenzao wanafunga sanduku.

"Mwanangu, hii laki tatu ni ya nini?"

"Mtaji, mama."

"Mtaji wa nini?"

Binti akanyamaza, halafu akasema: "Baba amesema tusiseme mpaka muujiza utimie."

"Baba yupi? Wako si tulimzika Uru mwaka juzi?"

Hapo ndipo kisa kilipofunguka. Mimi nafundisha Biblia, na niliombwa na wazee wa usharika mmoja nikae nao wakati wanalitafakari jambo hili. Siutaji usharika, siwataji watu, na vitu vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevigeuza. Kilichobaki ni mwenendo wa jambo lenyewe, na huo ndio unaofaa kuchunguzwa.

Alivyoingia

Nyumba yalikofanyika maombi ya Alhamisi ilikuwa ya mjane mmoja, muuza mitumba wa soko la Memorial. Mumewe alipofariki alizikwa kwenye kihamba, shamba la ukoo, huko Uru. Watu walijaa, kwaya iliimba, mahubiri yalikuwa mazuri. Matanga yalipokwisha kila mtu akashika njia yake. Mama akabaki na binti wa kidato cha tatu, kijana aliyemaliza chuo na hana kazi, na mdogo wake wa kike anayehudhuria CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mirathi ilikuwa haijafunguliwa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amesema mara moja tu kwamba habari ya kihamba izungumzwe watu wakipanda nyumbani Desemba. Alisema kwa sauti ya kawaida. Mjane akalisikia kama tishio.

Mtumishi, yaani yule mhubiri waliyemwita "Baba", aliletwa na rafiki wa mjane wa pale sokoni. Akawa anakuja kila Alhamisi jioni. Aliomba bila haraka, aliwajua watoto kwa majina, alikaa na yule kijana akamsaidia kuandika barua za kuomba kazi. Majirani wakaanza kuja. Kwa muda mrefu hakugusa habari ya fedha, na alipopewa nauli aliirudisha. Hili naliweka mbele kwa makusudi. Mahubiri mengi kuhusu manabii wa uongo humchora tapeli wa kuchekesha, mwenye suti inayong'aa na walinzi wawili nyuma yake. Muumini akishaizoea picha hiyo, atamfungulia geti tapeli mwenyewe na kumwandalia chai. Yesu hakusema mbwa mwitu watakuja wamevaa vibaya. Kwenye Mathayo 7:15 wamevaa mavazi ya kondoo, kwa hiyo ukiwatazama utaona kondoo.

Ukimuuliza mjane leo kwa nini alimwamini, hataji muujiza. Anasema: "Alikuja Alhamisi ya kwanza, akaja na ya pili, akaja na ya tatu."

Wazee wa usharika waliposikia jibu hilo walitazamana. Kati yao hakuna aliyekuwa amekanyaga nyumba ile tangu matanga.

Kaburi kwenye migomba

Baada ya kuzoeleka, mtumishi alianza kutoa unabii. Jioni moja alifumba macho akasema anaona kaburi kwenye migomba, anaona ndugu wawili wanazozana juu ya ardhi, anaona mtu wa nyumba hii ana karatasi za hospitali amezificha. Mjane akapiga magoti. Wote sita waliokuwepo wanasema mwili ulisisimka.

Tuvichukue kimoja kimoja. Mtu akiambiwa Mtwara kwamba kuna kaburi kwenye migomba, anaweza kushtuka. Uchagani tunazika nyumbani, kihambani, na kihamba ni migomba na kahawa. Ni ukoo gani wa Uru, Kibosho au Machame usio na kaburi kwenye migomba? Ndugu wawili wanaozozana juu ya ardhi, nao vilevile. Vihamba vimegawanywa baba kwa mtoto mpaka vimekuwa vipande, na mabaraza yetu ya ardhi hayajawahi kukosa kazi. Maneno hayo mawili ungeweza kuyasema ukiwa umefumba macho mbele ya mtu yeyote aliyepanda daladala ya Uru, naye angekuuliza umejuaje.

Karatasi za hospitali ni jambo jingine, hilo halikisiwi. Nilipofuatilia nikakuta halikuwa na siri yoyote. Yule rafiki wa sokoni, kwa moyo mweupe kabisa, alikuwa amemwomba mtumishi amwombee mdogo wa mjane, na katika kuomba aombewe akaeleza kila kitu. Hakuna umbea unaosafiri vizuri mjini Moshi kama ule unaoanza na "naomba tumkumbuke dada fulani kwenye maombi." Nimeuona ukimaliza kata nzima kabla ya jioni.

Lakini sipendi uchambuzi uishie hapo, kwenye kumuumbua jinsi alivyojua. Kesho atakuja mwingine, atasema jambo ambalo mimi na wewe hatutaweza kulieleza amelijuaje, na itakuwaje? Torati ililiona hili zamani. Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inasema neno la nabii lisipotimia, Bwana hakulisema. Wengi wanaijua hiyo. Sura ya 13 haihubiriwi sana. Inasema akiinuka nabii akatoa ishara, na ishara ile ikatimia, kisha akawavuta mwende nyuma ya miungu mingine, msimsikilize, kwa kuwa Bwana anawajaribu. Yaani ishara iliyotimia haimalizi swali. Kinachoulizwa ni ishara ile inakupeleka wapi. Wale wanawake walikuwa wamepima upande mmoja tu: amesema kweli au hakusema. Hakuna aliyeuliza: baada ya kusema kweli, ametuagiza tufanye nini?

Na kisa chote kinakaa kwenye maagizo.

Maagizo

Agizo la kwanza lilikuwa la kunyamaza. Muujiza ukisemwa kabla haujatimia adui anauiba, kwa hiyo msimwambie mume, wala mchungaji, wala dada yako.

Agizo la pili lilihusu ukoo. Mtumishi alifundisha kwamba mikosi ya nyumba ile inatoka kwenye madhabahu ya ukoo, kwamba mababu walifanya matambiko kihambani, na mpaka madhabahu ile ivunjwe kijana hatapata kazi na binti hataolewa. Mafundisho haya ya madhabahu yameenea sana siku hizi na si kila anayeyafundisha ni tapeli. Wapo wanaoyaamini kwa dhati. Mimi binafsi nayaona yanampa babu aliyekufa nguvu ambayo Wakolosai 2:15 inasema Kristo alikwisha kuwanyang'anya wote wenye mamlaka. Katika nyumba hii, hata hivyo, yalifanya kazi mahususi. Madhabahu inahitaji mlinzi. Mtumishi akasema mlinzi ni ndugu wa marehemu, na ndiye anayeshika nyota ya watoto.

Shemeji, basi, akawa mchawi. Sasa angalia ni nani aliyetajwa. Shemeji ndiye mtu wa kwanza ambaye kwa mila angeuliza kihamba kinakwenda wapi. Kwa jirani mmoja aliyekuwa akihudhuria, mchawi alikuwa mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa akitunza fedha za nyumba. Kwa mwingine alikuwa dada yake mwalimu, msomi wa familia. Kwa yule binti mdogo wa kikoba, mchawi alikuwa "mama mmoja anayekaa karibu na fedha zenu," na mweka hazina alipoambiwa hilo alicheka mpaka akashika kiuno. Ukiwapanga wachawi wote wa Alhamisi kwenye mstari mmoja, unapata orodha ya watu ambao wangeuliza maswali. Kwangu hii ni dalili kubwa kuliko fedha, kwa sababu inatangulia fedha. Kabla ya kuomba chochote, alikuwa ameshawaondoa wote ambao wangesema hapana.

Agizo la tatu ndilo lililokuja na laki tatu. Iliitwa sadaka ya kuvunja, na kila anayetoa angepewa chupa ya mafuta ya kumwaga kizingitini. Wasiokuwa nayo wakope, maana imani haina visingizio. Andiko lilikuwa mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17, aliyempa Eliya mkate wa mwisho. Andiko hilo lipo na linasema kweli. Ila lina mwisho wake: unga haukupungua, na mjane, na Eliya, na nyumba yake wakala siku nyingi. Katika Biblia mjane alishiba. Pasua aliyeshiba ni mmoja.

Na ikiwa ni habari ya mafuta na mjane, mbona hakufungua kitabu kinachofuata? Kwenye 2 Wafalme sura ya 4 kuna mjane wa mmoja wa wana wa manabii. Mumewe amekufa, amemwachia deni, na anayemdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Ana chupa moja ya mafuta. Elisha anamwambia aazime vyombo kwa majirani, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Vyombo vikajaa. Kisha nabii anamwambia auze mafuta, alipe deni, na yatakayobaki yawe riziki yake na ya wanawe. Elisha hakuchukua hata kikombe. Kwa Elisha mjane aliuza mafuta akatoka kwenye deni. Hapa Moshi nabii aliuza mafuta na mjane akaingia kwenye deni. Nilipowasomea wale wanawake sura hiyo nzima, bila kuongeza neno, mmoja wao aliomba nirudie mstari wa saba.

Mweka hazina aliomba aone ujumbe wa muamala kwenye simu. Jina la mpokeaji lilikuwa la mwanamke ambaye hakuna aliyemjua. Si la mtumishi, si la huduma yoyote. Milioni mbili na laki moja ziliingia kwenye namba hiyo.

Sanduku la kikoba chao lina kufuli tatu, na funguo zimekaa kwa watu watatu wasiotoka nyumba moja. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na katibu anasoma salio la kikao kilichopita kabla hesabu mpya haijaanza. Anayechelewa anatozwa faini. Wanawake haohao, wenye utaratibu huo, walituma mshahara wa miezi kadhaa ya mfanyakazi wa ndani kwa jina wasilolijua, kwa sababu aliyeomba alikuwa amefumba macho. Niliwauliza kwa nini. Mmoja akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto: "Mwalimu, kile ni kikoba. Huku ni kwa Mungu."

Paulo angeshangaa. Alipochukua changizo la Makedonia na Akaya kwenda Yerusalemu, hakulibeba peke yake. Kwenye 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba amefuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama ile kubwa. Mtume aliyeona maono akiwa njiani kwenda Dameski alitaka mashahidi wa fedha. Kwa lugha ya Pasua, naye alitaka funguo zaidi ya moja.

Mdogo wa mjane

Hapa sitaki kupita haraka, kwa kuwa hapa ndipo mtu angeweza kufa.

Mdogo wa mjane alikuwa anameza dawa vizuri, na kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi kilikuwa kimeandikwa kwamba havionekani. Mtumishi alikishika kile cheti juu, akasoma kwa sauti, watu wakashangilia. Akaambiwa amepona, na kuendelea na dawa ni kumwambia Mungu mwongo. Akaacha.

Mhudumu yeyote wa CTC angeeleza hili kwa dakika tano. Virusi havionekani kwa sababu dawa zimevibana hadi kipimo hakivisomi. Vyenyewe vipo, vimejificha kwenye chembe za mwili, na dawa zikiachwa huanza kuzaliana tena ndani ya wiki chache. Kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, ambacho hutafuta kingamwili, kingeendelea kuonyesha maambukizi hata wakati ule cheti kinasema havionekani. Ndiyo maana mtumishi hakumpeleka kupima upya. Alisema kupima ni kutokuamini. Lakini Yesu alipowatakasa wenye ukoma kumi kwenye Luka 17, aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa Torati ndio waliokuwa wakikagua ngozi na kuthibitisha. Uponyaji wa Yesu ulikwenda kwa mkaguzi. Uponyaji wa Alhamisi ulimkwepa.

Kinachoniumiza ni kwamba cheti kile kilikuwa habari njema kweli. Mtu aliyefikia pale akaendelea na dawa anaishi miaka yake, na hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Kulikuwa na jambo halisi la kumshukuru Mungu, likageuzwa kuwa sababu ya kutupa vidonge.

Aliyemrudisha kliniki si mchungaji wala mimi. Ni jirani, nesi mstaafu, aliyekwenda kukaa naye jikoni wakimenya ndizi za mtori, akamwuliza: "Mdogo wangu, kama ni uponyaji, dawa zitauondoa?" Hakumtaja mtumishi hata mara moja. Siku ya pili walikwenda pamoja CTC.

Kikao

Wazee walimwita mtumishi. Alikuja, jambo ambalo wengine hawafanyi. Aliamkia vizuri, akaketi. Waliuliza yuko chini ya nani, fedha zimeandikwa wapi, yale aliyomwambia mdogo wa mjane yuko tayari kuyarudia mbele ya nesi, na kama shemeji aitwe akae nao.

La kwanza alijibu kwa kutoa nakala ya cheti cha usajili cha huduma moja ya mkoa mwingine, ambayo jina lake halikuwemo mahali popote. Mzee mmoja alitaka tushikilie hapo, twende kwa Msajili wa Vyama. Sikukubaliana naye. Msajili anaangalia katiba na viongozi wa chama, hapimi mafundisho, na mtu anaweza kuwa na cheti halali akafundisha uongo mtupu. Polisi nao tuliwafikiria, maana kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa. Wanawake wote saba walisema walitoa kwa hiari.

Kwa maswali mengine matatu alijibu kwa andiko moja, Zaburi 105:15: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Akaongeza na msihukumu msije mkahukumiwa.

Andiko hilo la zaburi limefunga midomo mingi katika nchi hii, kwa hiyo lisomwe kuanzia mstari wa 12. Linamzungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga toka taifa hadi taifa, na Mungu akawakemea wafalme wasiwaonee. Masihi hapo ni wale wasio na ulinzi, na anayeonywa ni mwenye nguvu. Pasua mwenye nguvu alikuwa nani? Wala kuguswa si kuulizwa. Waberoya waliyachunguza maandiko kila siku waone kama Paulo anasema kweli, na Matendo 17:11 inawasifu. Petro alipokosea Antiokia, Paulo alimpinga uso kwa uso na Wagalatia wakaandikiwa habari hiyo. Na "msihukumu" iko Mathayo 7:1, katika hotuba ileile ambayo mistari kumi na minne baadaye inasema jihadharini na manabii wa uongo. Msemaji ni mmoja, na wasikilizaji ni walewale.

Wakristo wa mwanzo walikuwa na tatizo letu hilihili. Kuna maandiko ya kale yaitwayo Didake, ambayo nakala yake ilipatikana Konstantinopoli mwaka 1873, na wasomi wengi huyaweka karibu na mwisho wa karne ya kwanza. Sura ya 11 inasema mtume anayepita apokewe kama Bwana, akae siku moja, au mbili ikilazimu. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa njiani, na akiomba fedha ni nabii wa uongo. Kisha inaongeza jambo la busara sana: anayesema katika roho "nipe fedha" asisikilizwe, lakini akiomba kwa ajili ya wengine wenye uhitaji, mtu asimhukumu. Hawakukataza kutoa. Waliangalia kinachotolewa kinaishia mkono wa nani.

Kipimo cha fedha, hata hivyo, hakitoshi peke yake, na sisi wa kaskazini tunalijua hilo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri kule Samunge, Loliondo, alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Kwa bei hiyo huwezi kumwita mwizi. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa waliondoka hospitali, na wapo waliofia njiani. Na hapahapa Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwenye uwanja wa Majengo, wakikanyagana kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siyaweki matukio haya kwenye kapu moja na mtumishi wa Alhamisi. Nayataja kwa sababu kila mara swali la mjini huwa ni moja, je, yule ni wa kweli au wa uongo, na watu wakishagawanyika hapo hakuna anayeuliza wale waliokimbia walikuwa wanakimbia nini. Wengi walikuwa na madeni, watoto wasio na kazi, magonjwa ya siri, na Jumapili zilizokuwa zikipita bila mtu kuwauliza. Madhehebu makubwa hupenda kuwacheka watu hawa. Yaache kucheka. Kwetu nako harambee hazina mwisho, na si kila bahasha inayosomwa madhabahuni hurudi na maelezo.

Yaliyofuata

Mtumishi hakufukuzwa, kwa kuwa hakuwa wa usharika ule. Mjane alimwambia mwenyewe asije tena, kwa simu, akiwa na mweka hazina pembeni. Mwezi uliofuata ilisikika anafanya maombi Arusha, upande wa Sombetini. Wazee walimpigia mchungaji wanayemfahamu huko wakamweleza walichokiona wao, bila kuongeza walichokisikia.

Desemba shemeji alipanda Uru kama alivyosema. Alichokuwa anataka kuzungumza ni kwamba mirathi ifunguliwe Mahakama ya Mwanzo mjane awe msimamizi, kabla binamu fulani hajaanza maneno. Kipande cha kihamba kilichokuwa kimeshatafutiwa mnunuzi kwa ajili ya sadaka ya pili hakikuuzwa. Mjane alimwomba radhi kwa kumwita mchawi. Shemeji alisema hakujua kama aliitwa hivyo, jambo ambalo si kweli, maana wote Uru walikuwa wanajua.

Kikoba kiliongeza kipengele kwenye katiba yake: wakopaji wa kikao kimoja hawadhaminiani. Deni hawakulisamehe. Mweka hazina alikataa katakata, akasema wakisamehewa watajifunza kwamba gharama ya Alhamisi inalipwa na wengine. Waliongezewa muda, na watano wamekwisha kulipa.

Maombi ya Alhamisi yanaendelea sebule ileile. Wanawake walikataa yafutwe, na walikuwa na haki. Wazee wanakwenda kwa zamu, na zamu imebandikwa ukutani ili asiyekuja aonekane.

Wawili kati ya saba bado wanamtumia mtumishi fedha. Mmoja wao ndiye mwenye deni kubwa kuliko wote, kwa sababu alikopa na nje ya kikoba, na hajamwambia mumewe. Kwake kukubali kwamba alidanganywa ni kukubali na deni. Mchungaji alitaka kwenda kumwonya. Nesi mstaafu akasema waende, ila wasianze na mtumishi. Waanze na kuzungumza na yule mkopeshaji wa nje, riba isimame kwanza.